Kiti cha New York na Hospitali za Ituri



Tarehe 3 Juni 2025 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa uliichagua Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kwa kura 183, iingie katika Baraza la Usalama kwa miaka ya 2026 na 2027. Hii ni mara ya tatu. Ilipoitwa Zaire nchi hii ilikaa humo 1982-1983 na 1990-1991. Urais wa Baraza huzunguka kila mwezi kwa kufuata majina ya nchi katika alfabeti ya Kiingereza, na kwa kuwa wanachama ni 15, nchi iliyopewa miaka miwili lazima zamu iifikie. Mwenye zamu ndiye anayepanga ratiba ya mwezi, anayechagua mada ya mjadala mkubwa na anayependekeza wa kualikwa kuzungumza. Wakaaji wa Bunia, hapa Ituri, wana haki ya kujua kama afya ya watu wanaoishi ndani ya vita imo katika maandalizi ya Kinshasa.

Afya si jambo geni kwa Baraza hilo. Septemba 2014, Marekani ikiwa mwenyekiti, Baraza lilipitisha azimio 2177 lililotamka kwamba Ebola ya Afrika Magharibi ni tishio kwa amani ya dunia. Tarehe 3 Mei 2016, katika mwezi wa Misri, likapita azimio 2286 la kulinda hospitali, waganga na wagonjwa wakati wa vita. Misri ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoliandika. Oktoba 2018 likafuata azimio 2439, lililohusu moja kwa moja Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri na kulaani mashambulizi ya makundi yenye silaha huko. Nchi za kigeni zimeandika juu ya hospitali zetu. Congo yenyewe bado haijaandika.

Na Congo ina la kuandika. Mlipuko wa kumi wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, uliwapata watu 3,470 na kuwaua 2,287, wengi wao katika Kivu Kaskazini na Ituri. Katika miezi hiyo hiyo surua ilikuwa ikiua watu zaidi ya 6,000 nchini kote, hasa watoto, na haikupata hata robo ya macho ya dunia. Tauni, ambayo wengi duniani wanaijua kwa vitabu vya historia, bado huzuka katika zoni ya afya ya Rethy. Zaidi ya magonjwa, hospitali zenyewe hushambuliwa. Hospitali ya Nyankunde, hapa Ituri, ilivamiwa Septemba 2002 na mamia ya watu wakauawa, wagonjwa wakiwemo vitandani mwao. Miaka zaidi ya 21 baadaye, Machi 2024, watu wenye silaha waliingia hospitali ya Drodro, teritwari ya Djugu, wakamwua mgonjwa kitandani. Azimio 2286 lilikuwa na karibu miaka minane wakati huo.

Wasiwasi wa Ituri juu ya maandalizi ya Kinshasa una sababu, kwa maana nchi hii imewahi kuongoza na matokeo yanajulikana. Februari 2020 ilikwisha kupangwa kwamba Congo itashika uenyekiti wa Umoja wa Afrika mwaka unaofuata. Mwaka mzima wa kujiandaa ulikuwepo. Jopo la wataalamu likaundwa Kinshasa kuandaa muhula wa rais. Tarehe 6 Februari 2021 Rais Félix Tshisekedi akapokea kiti kutoka kwa Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini, na kesho yake, tarehe 7, Ebola ikatangazwa tena upande wa Butembo. Machi 2 nchi ikapokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya AstraZeneca dhidi ya Covid-19. Uzinduzi ukaahirishwa, kama ilivyokuwa Ulaya kwa hofu ya damu kuganda, lakini kampeni ilipoanza tarehe 19 Aprili muda wa chanjo ulikuwa unakaribia kwisha. Dozi zipatazo milioni 1.3 zikapelekwa nchi nyingine, Ghana na Madagascar zikiwamo. Kuzigawa badala ya kuzitupa kulikuwa sahihi. Kinachouma ni kwamba nchi iliyokuwa ikisema kwa niaba ya bara zima juu ya chanjo ilishindwa kuzifikisha kwa watu wake, huku kiongozi wake mwenyewe akikawia kuchanjwa hadi Septemba.

Uwezo haukukosekana. AstraZeneca ilihifadhiwa kwenye friji ya kawaida, kati ya digrii 2 na 8. Chanjo ya Ebola ya Ervebo huhitaji baridi ya digrii 60 hadi 80 chini ya sifuri, na waganga wa Kivu na Ituri waliibeba kwa pikipiki hadi vijijini, wakachanja watu zaidi ya 300,000, katikati ya risasi na uvumi. Waliojua namna ya kuongea na kijiji kinachokataa sindano walikuwa Beni, Mambasa, Komanda na Bunia. Ujuzi wao haukuonekana katika kampeni ya 2021. Mwaka huo huo Azimio la Abuja la Aprili 2001, ambamo nchi za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, lilitimiza miaka 20, na mwenyekiti wa Umoja wa Afrika alitoka katika nchi ambayo haijawahi kuifikia ahadi hiyo.

Kuna nchi zinazojiandaa vingine. Finland iliposhika urais wa Baraza la Umoja wa Ulaya katika nusu ya pili ya 2006, ilikuja na hoja moja, kwamba kila wizara ibebe mzigo wa afya, na hoja hiyo ilitokana na kazi iliyofanyika nyumbani kwa miongo kadhaa.

Kwa hiyo Wizara ya Afya na ile ya Mambo ya Nje zinadaiwa mambo yaliyo wazi. Mjadala mmoja katika zamu ya Congo uwe juu ya utekelezaji wa azimio 2286, na Baraza limsikilize muuguzi kutoka Djugu au Irumu badala ya maofisa peke yao. Kabla ya hapo, serikali itangaze hospitali ngapi za Ituri zimeshambuliwa tangu hali ya dharura ya kijeshi ianze tarehe 6 Mei 2021, na kesi ngapi zimefika mahakamani. Waganga wasiomo katika orodha ya mishahara, wanaoishi kwa primu na kwa malipo ya wagonjwa ambao wenyewe ni wakimbizi wa kambini, waingizwe katika orodha hiyo. Takwimu za mashambulizi na kesi hizo zichapishwe Bunia kwa Kiswahili kabla ya kusomwa New York kwa Kifaransa.

Msomaji,
Bunia, Ituri