Dawa ya Baridi Yabisi Ipimwe, na Mganga Asidhulumiwe

Wachuma chai wa Nyamira na wachonga mawe wa Tabaka, kule Kisii, hutumia mikono kutwa, tena penye baridi na mvua. Viungo vikiuma, wengi humwendea kwanza omonyamoriogi, yaani mganga wa mitishamba. Nasi wa pwani tusiwacheke. Manjano na tangawizi tumeanza kutibiana navyo lini?

Lakini kusema "imemfaa jirani" si kipimo. Baridi yabisi huja na kuondoka. Mtu hunywa dawa siku maumivu yamezidi, nayo yakitulia yenyewe, sifa huipata dawa.

Wenzetu wamejaribu. Mwaka 2000, huko Plymouth, Uingereza, wagonjwa 27 wenye maumivu ya shina la kidole gumba walijibandika majani yenye kuwasha kama upupu kwa wiki moja, na kwa wiki nyingine majani yanayofanana nayo yasiyowasha. Yale ya kuwasha yalipunguza maumivu zaidi. Nako Thailand, katika utafiti uliochapishwa 2014, wagonjwa 367 wa magoti waligawanywa: hawa wakapewa kiini cha manjano, wale ibuprofen, kwa wiki nne. Manjano hayakuachwa nyuma, na matumbo yaliwasumbua wachache zaidi. (Kijiko cha mchuzini, jamani, hakifikii kipimo kile!)

Basi kwa nini majani ya Kisii yasipimwe vivyo hivyo? Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, tunayo tangu 1979. Kizuizi, nionavyo mimi, ni kuaminiana. Mganga huficha jani lake, na ana haki. Akishalitaja, atamzuia nani asilipeleke kiwandani na kutajirika, huku yeye akibaki na kikapu chake? Sheria ya kulinda maarifa ya jadi imepitishwa 2016, lakini sheria ya kabatini haimfai mzee wa kijijini. Mapatano yaandikwe kabla jani halijachumwa, kwa lugha aielewayo, na fungu lake litajwe humo.

Naye akubali jambo moja zito: dawa yake ikishindwa, itangazwe kuwa imeshindwa.

Kwa sasa, mwenye goti lililovimba ghafla, lina moto, na mwili una homa, asingoje poda ya sokoni. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo.