Mkubwa ni Jaa, Bosi

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu mpya. Leo kuna neno moja linaloniwasha nalo ni "atitudi".

Kama umefanya kazi ya ofisi hapa Voi, au Mwatate, au Taveta, neno hili unalijua. Kijana akiuliza mbona mshahara umechelewa, ana atitudi. Akikataa kutumwa dukani kila saa, ana atitudi. Akisema "hapa pana kosa", huyo atitudi yake imezidi. Lakini sijasikia hata siku moja mtu akisema bosi ana atitudi. Bosi ni "mkali tu". Bosi "ndivyo alivyo, mzoee".

Ngoja niwape kisa, halafu mtaona ninakoelekea.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katika ofisi moja ya hapa mjini ambayo sitaitaja. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kikundi cha akiba: mwanachama analipa kwa M-Pesa, mfumo unapokea taarifa ya malipo, na akaunti yake inaongezewa pesa. Kazi ya kawaida kabisa. Uzinduzi ulikuwa Jumatatu.

Siku ya Alhamisi, binti mmoja aliyekuwa kwetu kwa atachimenti alijaribu kitu ambacho sisi "wataalamu" hatukukijaribu. Alituma taarifa moja ya malipo mara mbili. Mfumo ukamwongezea mwanachama pesa mara mbili. Akasema kwenye kikao, kwa adabu zote: "Samahani, nadhani tusizindue kabla ya kurekebisha hili."

Bosi akamtazama, akamwuliza kama amekuja kujifunza au kutufundisha. Watu wakacheka. Kisha akasema huyu msichana ana atitudi, na maisha ya ofisi yatamshinda. Fomu yake ya atachimenti iliporudi chuoni, alama za kazi zilikuwa nzuri na alama za mwenendo zilikuwa za chini kabisa.

Tukazindua Jumatatu. Wiki ya pili intaneti ikawa nzito, seva yetu ikawa inachelewa kujibu, na upande wa pili ulipoona kimya ukatuma taarifa zile zile tena. Akaunti zikavimba. Watu wakatoa pesa ambazo hawakuweka. Tulikaa usiku 3 tukipitia malipo moja moja. Na dawa yake mnaijua ninyi mnaoandika programu: kila malipo ya M-Pesa yana namba yake ya risiti, kwa hiyo unaiambia hifadhidata isikubali namba moja mara mbili. Mstari mmoja! Mstari ambao mtoto wa watu aliuomba Alhamisi.

Na mimi je? Nilikaa viti viwili kutoka kwake. Nilijua anasema kweli. Niliinamia skrini yangu nikajifanya nasoma. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko usiku zile 3.

Sasa sikilizeni kichekesho. Miezi miwili baadaye tuliletewa semina ya "akili ya hisia kazini" katika hoteli moja ya barabara kuu. Tukafundishwa kutabasamu, kupokea kukosolewa, kutulia tukikasirika. Wakubwa wetu walikaa mpaka chai ya saa nne, wakaondoka. Walikuwa na shughuli. Wale waliohitaji somo ndio waliotoroka darasa!

Jamani, hili somo halikuanza hivyo. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, walipoandika kuhusu akili ya hisia mwaka 1990, walizungumzia uwezo wa kutambua hisia, zako na za wenzako, na kuzitumia katika kufikiri na kutenda. Daniel Goleman akalieneza duniani kwa kitabu chake cha 1995. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni uwezo wa mdogo kumeza mate mkubwa anapokosea. Sisi ndio tuliligeuza likawa jina jipya la "nyamaza".

Na kunyamaza kuna gharama. Mtafiti Amy Edmondson alikuwa akichunguza makosa ya dawa hospitalini, na mwaka 1996 akachapisha jambo lililomshangaza. Alitarajia vikundi vinavyofanya kazi vizuri pamoja viwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: vikundi vizuri viliripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yake yakawa kwamba hawakuwa wakikosea zaidi, bali hawakuogopa kusema. Kwenye vikundi vya woga, makosa yalikuwa yamefichwa. Soma tena hapo. Ofisi isiyo na malalamiko huenda ikawa ndiyo ofisi mgonjwa kuliko zote. Ya kwetu ilikuwa kimya sana siku ile ya Alhamisi.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini kazi yetu ya kompyuta inataka ukali. Msimbo mbovu ni msimbo mbovu." Kweli. Basi tumwangalie mkali wao wote. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, alijulikana kwa miaka mingi kwa barua za kutukana watu waliomletea kazi asiyoipenda. Watu walimtetea kwamba bila matusi hakuna ubora. Tarehe 16 Septemba 2018 yeye mwenyewe aliandika kuomba radhi, akakiri kwamba tabia yake iliwaumiza watu, akachukua likizo ili atafute msaada wa kuelewa hisia za wengine. Mradi ukapata kanuni mpya za mwenendo, na mwezi Oktoba akarudi kazini. Linux haikufa. Simu ya Android uliyoshika inatembea juu ya Linux. Angalieni lakini nani aliyebadilika: hakuwapeleka semina wale aliowatukana. Alianza na nafsi yake, maana yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Na msidhani haya ni ya watu wa mbali na kompyuta zao. Toka hapa Voi ushike barabara ya Mombasa, utafika Maungu. Huko kuna mradi wa Kasigau wa kampuni ya Wildlife Works, unaojulikana duniani kwa kuhifadhi msitu na kuuza hati za kaboni. Ni mradi uliojengewa sifa ya maadili: wanyama, misitu, ajira kwa wenyeji. Novemba 2023 shirika la SOMO la Uholanzi pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, KHRC, yalitoa ripoti yenye madai kwamba baadhi ya wanaume wenye vyeo walikuwa wakiwanyanyasa wanawake kingono kwa muda wa zaidi ya miaka 10. Kampuni ilisema uchunguzi iliouagiza ulikuta mwenendo usiofaa wa watu wachache, ikakana kwamba tatizo lilienea.

Sitaki kuhukumu nisichokiona. Swali langu ni dogo tu. Hata tukichukua maelezo ya kampuni peke yake, maadili yaliyoandikwa ukutani yalimsaidia nini mwanamke aliyefanyiwa hayo? Katika kaunti hii ukipoteza kazi unaweza kusubiri miaka kupata nyingine. Anayekusumbua anapokuwa ndiye anayeandika kama una "mwenendo mzuri", kulalamika kunageuka kuwa atitudi. Ni fomu ile ile ya binti wetu, ila hapa kinachopotea si pesa za akiba. Ni utu wa mtu.

Haya, na mimi nijibu upande wa pili. Wapo vijana wakorofi kweli. Wanachelewa, wanajibu wateja vibaya, wanakwenda chakula cha mchana wanarudi jioni. Sawa. Basi sema: "Umechelewa mara 4 wiki hii." Hilo ni kosa, lina idadi, na mtu anaweza kujitetea. "Ana atitudi" halina idadi wala utetezi. Hata Sheria ya Ajira ya 2007 inaelewa hili: kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake akiwepo, na asikilize majibu yake. Na kifungu cha 6 kinamtaka kila mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Ofisini kwenu mmeiona? Iulizeni kesho. Mkiambiwa mna atitudi, mtakuwa mmepata jibu.

Basi mimi nataka mambo matatu, hayahitaji hoteli wala mkufunzi:

1. Neno "atitudi" lisiandikwe kwenye fomu ya mtu yeyote. Andika alichofanya, na siku aliyofanya.

2. Mfumo ukiharibika, swali la kwanza liwe "nani aliliona hili mapema, na kwa nini hatukumsikia?" Nani alikosea lije baadaye.

3. Mkuu wa ofisi azungumze mwisho kwenye kikao. Akitangulia yeye, wengine wote wataitikia tu.

Wazee wa pwani walisema mkubwa ni jaa. Jaa hutupiwa kila taka na halilalamiki. Hawakusema mdogo ni jaa! Ukitaka cheo, ukubali kutupiwa ukweli usiopendeza, hata ukitoka kwa mtoto wa atachimenti, hata mbele ya watu. Ukishindwa kuubeba, tatizo la hisia ofisini ni lako.

Yule binti nilimtafuta baadaye nikamwomba radhi. Alicheka, akaniambia tatizo halikuwa bosi tu. Alitazama meza nzima akitafuta mtu mmoja wa kusema "ni kweli", hakumpata. Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Ila tangu siku ile, mtu mdogo akisema "samahani, hapa pana kosa", mimi ndiye wa kwanza kufunga kompyuta yangu na kusema, "Tuonyeshe."