Kuruka Si Kuchota

Najua wengi wenu mkiona mada yangu mtasema, "Huyu naye amekosa la kuandika!" Pool? Mchezo wa vijana wa vijiweni? Subirini kidogo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilivunjikia mezani.

Likizo iliyopita, hapa Garissa mjini, niliingia katika ukumbi mmoja wa mabati. Jua la saa nane, si mnalijua. Nikacheza na kijana mmoja kwa dau la shilingi 200. Pesa zenyewe hazikuwa zangu. Mama alikuwa amenituma unga na sukari, na alizipata kwa kuuza maziwa ya ngamia Soko Mugdi. Mpira wangu wa mwisho ulikuwa mdomoni mwa shimo, lakini mpira wa mwenzangu ulikuwa umeziba njia. Watu wakapiga kelele, "Ruka! Ruka!" Basi nikaichomeka fimbo chini ya mpira mweupe, nikauchota kama mtu anayechota pilau. Lo! Uliruka kweli. Ukapita shimo, ukapita meza, ukaangukia birika la chai. Nilifika nyumbani mikono mitupu. Mama hakunigombeza, alinitazama tu. Afadhali angenichapa.

Abti yangu aliposikia alicheka, kisha akanifundisha. Kumbe kuchota kwa makusudi ni faulo katika sheria za kimataifa, tena mpira uliochotwa haulengeki. Mpira haunyanyuliwi, unagandamizwa. Unainua upande wa nyuma wa fimbo na kupiga kutoka juu. Chini ya kitambaa cha meza nzuri kuna bamba la jiwe, na mpira ukikosa pa kuzama hudunda. Hii si ndiyo kanuni ya tatu ya Newton tunayokariri darasani? Mimi niliipata 9 kwa 10 kwenye mtihani, lakini mezani sikuikumbuka!

Sasa, shabaha hupatikana vipi? Kwanza, piga katikati kabisa. Fimbo ikiwa imeinuliwa, ukikosea kidogo tu kulia au kushoto mpira hujipinda njiani kama nyoka, na kadiri unavyoinua fimbo ndivyo kosa linavyokua. Pili, legeza mkono. Pigo liwe fupi na la haraka. Ukisukuma, fimbo huubana mpira juu ya jiwe usiruke. Ndiyo maana mabingwa wana fimbo nyepesi na fupi ya kurukia, ingawa sheria hairuhusu ipungue sentimita 101.6. Tatu, pima mahali pa kutua. Mpira mweupe ukifika ukiwa bado hewani, huugonga mwenzake kichwani na yote miwili huweza kutoka mezani. Utue kwanza, kisha ugonge.

Abti aliniwekea kiberiti kilicholazwa, shubiri moja mbele ya mpira, na kipande cha kitambaa chini yake tusije tukaharibu meza ya watu. Siku ya kwanza niliruka 20 nikalenga 2. Baada ya wiki mbili nililenga 11. Hakuna aliyepiga kelele, hakukuwa na dau. Jamani, mkono unaotetemeka kwa sababu ya pesa ya unga haulengi kitu!

Akaniambia neno jingine: si kila kizuizi cha kurukwa. Katika snuka, kuruka juu ya mpira ni faulo. Efren Reyes wa Ufilipino, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1999 huko Cardiff, alisifika kwa kuzunguka, akigongesha mpira mweupe kwenye kingo za meza hadi ufike alikotaka. Njia ndefu si aibu.

Wazee wetu husema pool ni mchezo wa wazembe. Nusu yake ni kweli. Nimewaona wenzetu wakianza kwa dau la soda na kuishia kwa karo. Kamari ni haramu, na hapo sina ubishi. Lakini meza haina dhambi. Tukikatazwa tu, tutaendelea kujifunza gizani, na mwalimu wetu atakuwa yule anayetaka pesa zetu. Maoni yangu ni haya: shule itafute meza moja, hata kuukuu, tuicheze Jumamosi alasiri mbele ya mwalimu, bila hata senti moja. Mwalimu wa Fizikia naye aje na kipimapembe chake.

Zile shilingi 200 nilizirudisha kwa kubeba mizigo sokoni siku tatu. Mama alizihesabu, akazifunga kwenye upindo wa shashi, akaniambia, "Haya, sasa nenda ukalete unga." Safari hii sikupita karibu na ule ukumbi. Nilizunguka.



Mwanachama, Kidato cha Tatu