Ua Lirudi Uani

Mwanafunzi wa ngeli hukutana mapema na neno "ua". Tukisema "ua limechanua", tunataja sehemu ya mmea, na wingi wake ni maua. Tukisema "ua umefagiliwa", tunataja uwanja uliozungushiwa uzio, na wingi wake ni nyua. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha maana hizo. Katika mitaa mingi ya Juba, hata hivyo, vitu vyenyewe vimetengana kupita kiasi: ua upo, ua halipo.

Hatuwalaumu wenye nyumba. Ua mtupu humfichua nyoka. Maji nayo ni ghali, kwani kaya nyingi huyanunua kutoka kwa malori yanayoyachota Mto Nile. Nani atayamwagia maua maji aliyowanunulia watoto? Lakini hoja hiyo inahusu mimea inayodai maji mengi, si mimea yote.

Vitabu vya bustani vya ng'ambo huisifu ekinasia, ua la zambarau linalostahimili ukame na kuvuta nyuki. Sifa hizo ni za kweli, ila asili yake ni Amerika Kaskazini, ambako mmea huo hulala ardhini wakati wa baridi kali na kuchipua upya. Juba haina majira hayo. Sisi tunao mshubiri, ambao huhifadhi maji katika majani yake manene, hudumu miaka mingi, na huwalisha nyuki na chozi kwa maua yake. Tunao pia mrihani, unaotosheka na maji yaliyosuuza mboga.

Faida yake si urembo tu. Mmea wa maboga huwa na maua ya kiume na ya kike mbalimbali. Nyuki wasipohamisha chavua, ua la kike hunyauka bila kuzaa. Anayewalisha nyuki wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Machi, huwaweka karibu na shamba lake hadi mvua zirudi.

Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haja ya walimu wa Kiswahili imeongezeka. Tunawasihi walimu tarajali wapande mishubiri michache kando ya uzio wa shule, kwa nafasi, na kupalilia chini yake ili nyoka asipate maficho. Kisha wawapeleke wanafunzi huko, waseme kwa usahihi wanachokiona: nyuki ametua, ua limechanua, na ua umependeza.