Cha Serikali Si Cha Yatima



Juma lililopita nilikuwa Gede kwa shughuli ya arusi. Jikoni, akina mama wakipepeta mchele, palizuka mazungumzo juu ya gunia la mkaa lililoletwa alfajiri. Bei yake ilikuwa nafuu mno. Nikauliza limetoka wapi. Mmoja wao akacheka, akanijibu: “Limetoka msituni, dada. Na msitu ni wa Serikali, wewe wakuhusu nini?”

Nilinyamaza, kwani nami nyumbani kwangu nimekuwa nikinunua mkaa miaka mingi bila kuuliza swali hilo. Lakini jibu lile halikuniondoka moyoni. Je, kitu cha Serikali ni cha nani?

Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 62, inaitaja misitu ya Serikali, mbuga na hifadhi za wanyama kuwa ni ardhi ya umma, nayo Serikali huishika kwa niaba ya wananchi wa Kenya. Maana yake, Serikali si mmiliki kama mtu amilikivyo shamba lake. Ni mshika amana. Na sisi sote twajua uzito wa neno amana. Mwenye kuikata mali hii kwa siri hamwibii afisa aliyeketi ofisini; awaibia majirani zake, na watoto wao ambao hawajazaliwa.

Tuutazame msitu wenyewe. Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake katika mwambao wa Afrika Mashariki. Humo mna ndovu, na mna viumbe ambao ni nadra mno kuonekana kwingineko. Yuko sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama wa uzito wa nusu kilo hivi, ambaye hujenga kiota chake chini kwa majani makavu na kula wadudu awachakurao katika majani hayohayo. Yuko pia bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi urefu wa shibiri moja, ambaye nje ya pwani yetu hujulikana tu katika misitu ya chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Ukikata mti mkubwa, kivuli huondoka, majani hupungua, wadudu huhama, na sange hana tena pa kulala wala cha kula. Mti wa muhugu, uliopendwa sana na wachonga vinyago, umekwisha kukatwa kwa wingi.

Ulinzi wa msitu huu umeshirikisha taasisi nne: Shirika la Huduma za Misitu, Shirika la Wanyamapori, Makumbusho ya Taifa na Taasisi ya Utafiti wa Misitu. Hata hivyo, askari peke yao hawawezi. Kabla ya miaka ya 1990, majirani wengi waliuona msitu kuwa ni uzito tu: ndovu wakila mahindi yao, nao hawapati chochote. Wengi walitaka ukatwe yawe mashamba. Ndipo mwaka 1993 ulipoanzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede. Wakulima hupanda majani yaliwayo na viwavi, wakawalea mpaka wawe mabuu, na mabuu hayo yakauzwa ng’ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Miongoni mwa wafugaji hao wamo akina mama. Ng’ambo ya pili, katika hori ya Mida, ada za watalii wapitao juu ya daraja la mbao katika mikoko zimesaidia kulipia karo za wanafunzi wa sekondari. Mtoto aliyesomeshwa na mkoko hataukubali ukatwe.

Tusifiche lakini kwamba pana dhuluma. Mama mmoja pale jikoni alisema: “Kuni za kichwani zaonekana mchana, gari la magogo halionekani usiku.” Neno hilo ni zito. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 yawaruhusu wanajumuiya wa msitu kupewa haki ya kuokota kuni, kurina asali na kuchuma dawa, kwa utaratibu. Haki hiyo si hisani.

Hapa nakumbuka habari ya Sayyidna Umar, Allah amuwiye radhi. Dola ilikuwa na malisho yaliyohifadhiwa, yakiitwa hima, naye akamweka Hunayy kuwa mlinzi. Alimwagiza awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya matajiri, hata wawe masahaba wakubwa kama Ibn Awf na Ibn Affan. Tajiri akipotewa na mifugo ana mitende na mashamba; maskini akipotewa, atakuja na wanawe akililia hazina. Hifadhi hulindwa ili mnyonge asife, si ili mnyonge afukuzwe.

Basi tufanye nini? Mwenye kukaa karibu na msitu ajiunge na jumuiya ya msitu, apate kibali, na akiona magogo yakipita usiku awe na wenzake wa kusema nao. Sisi wa mjini tumwulize muuza mkaa utokako, na tuwe tayari kulipa zaidi kwa mkaa wa miti iliyopandwa, au tupunguze matumizi kwa jiko lisilokula sana. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Nami nimeanza. Muuza mkaa wangu alishindwa kunijibu, nikamwambia sitanunua mpaka ajue.

Wabillahi tawfiq.