Mafuta ya Eyasi na Somo la Basotu

Kazi ya kutafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere, inayosimamiwa na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), imeamsha matumaini makubwa. Matumaini hayo ni halali. Hata hivyo, wapo wanaodai kuwa kuzungumzia uharibifu wa ardhi kabla pipa la kwanza halijatoka ni kupinga maendeleo.

Hoja hiyo si ngeni Hanang. Mwaka 1970, kwa msaada wa Kanada, ulianzishwa mpango wa ngano katika tambarare za Basotu. Chini ya Shirika la NAFCO mashamba yalifikia ekari zipatazo 100,000. Shabaha ilikuwa njema: Taifa lijilishe. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, walioyatumia kwa majira ili nyasi zipate kupumzika. Ilipolimwa, mifugo ilisongamana kwingineko, matrekta yakapita juu ya makaburi ya wazee, na mvua zikachimba makorongo katika udongo uliovuliwa nyasi. Wanakijiji wa Mulbadaw walifungua kesi mwaka 1981. Walishinda Mahakama Kuu, wakashindwa Mahakama ya Rufani.

Ngano ilikuwa ya Taifa zima. Hasara ilikuwa ya vijiji vichache. Hapo ndipo penye siasa ya uharibifu. Nigeria iliuza mafuta ya Ogoni ulimwenguni, na Ken Saro-Wiwa, aliyewatetea wananchi wa huko, akanyongwa mwaka 1995 pamoja na wenzake wanane. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulieleza kuwa kuisafisha ardhi hiyo kwaweza kuchukua miaka 25 hadi 30.

Katika bonde la Yaeda, Mbulu, pori ndilo ghala la Wahadzabe: nyama, asali na mizizi hutoka humo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka athari zitathminiwe kabla ya mradi kuanza. Haitoshi tathmini hiyo ikae makabatini. Hapana budi isomwe vijijini, kwa Kiswahili, kabla mitambo haijafika. Na fidia ihesabu malisho, maji na mizinga, siyo nyumba na mashamba peke yake.

Mafuta yatakwisha siku moja. Wananchi wa Mbulu na Hanang watabaki pale pale, na ardhi watakayoachiwa ndiyo itakayotoa hukumu.