Eti gharama ya umaarufu!

Jamani wadau, jana bwenini tumebishana mpaka usiku kuhusu Errol Flynn, yule staa wa Hollywood aliyecheza Robin Hood mwaka 1938. Amefariki 1959 ana miaka 50, mpenzi wake Beverly Aadland ana 17, na walianza binti akiwa na 15! Wenzangu wanamhurumia mzee, eti umaarufu una gharama. Gharama gani? 1943 alishinda kesi ya wasichana wengine wawili, filamu zikaendelea kama kawa. Aliyelipa ni Beverly: hata alipofariki 2010 magazeti yalimtambulisha kwa jina la Flynn. Sisi ni walimu watarajiwa, bwana. Miaka 15 ni mtoto wa kidato cha pili. Tusiyaite mapenzi!